Waliofeli na Walioambiwa Wamefeli

Neno "kufeli" si la zamani sana vinywani mwetu. Nilipokuwa mtoto huku Rungwe watu walisema kuwa fulani "ameanguka mtihani", kana kwamba alikuwa amepanda mti akateleza. Baadaye likaja hili la kufeli, likakaa, na leo hata bibi asiyejua kusoma hulitamka bila shida. Katika miaka 38 ya ualimu wangu nimelisikia likitumiwa kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa. La kwanza ni la mtoto ambaye hakujua alichofundishwa. La pili ni la mtoto aliyejua, lakini pakakosekana pa kumweka. Watu wengi, wakiwemo walimu wenzangu, wameyachanganya mambo hayo maisha yao yote, na ukiwauliza kwa nini wanafunzi wanafeli watakujibu upesi: uvivu, televisheni, simu, na vijana wa siku hizi kutokuwa na adabu. Mimi jibu hilo sikubaliani nalo.

Naandikia Bagamoyo. Msomaji wa mbali asidhani ni ile ya pwani yenye majahazi na magofu. Hii yetu ni kata ya mji wa Tukuyu, mahali pa migomba, ukungu na mvua isiyojua kukoma, na mlima Rungwe ukiwa juu yetu. Mji wenyewe Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Shule zilitangulia mapema kidogo huku, kwa sababu wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891 na kuanza kufundisha watu kusoma. Nasema hivi ili ieleweke kwamba hapa kwetu kiu ya shule si ya jana. Wilaya yenye kiu ya shule ndiyo inayoona vizuri zaidi namna kikombe kilivyo kidogo.

Niliingia darasa la kwanza mwaka 1958. Wakati ule safari ya elimu ilikuwa na malango, na kila lango lilikuwa na mtihani. Baada ya darasa la nne kulikuwa na mtihani wa kuingia shule ya kati. Baada ya darasa la nane, mwingine. Baada ya darasa la kumi, mwingine tena, na waliofika darasa la kumi na mbili walifanya mtihani wa Cambridge, ambao maswali yake yalitungwa Uingereza. Mimi nilifanya wa darasa la nne mwaka 1961, mwaka ule ule nchi ilipopata uhuru. Tulikuwa zaidi ya arobaini darasani, na tuliokwenda shule ya kati hatukuzidi kumi. Wale wenzetu thelathini na zaidi hawakuwa wajinga. Mmoja wao alikuwa akinishinda hesabu kila wiki. Ila shule ya kati ilikuwa na vitanda vyake na madawati yake, nayo yakijaa yamejaa. Waliobaki walirudi kwenye migomba na kahawa, na wakubwa zao waliowatangulia walikuwa wamekwenda mbali zaidi, kwenye dhahabu ya Chunya, migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya Afrika Kusini. Wazee wetu walipowauliza kulikoni, jibu lilikuwa moja: ameanguka. Hakuna aliyewaambia kwamba hata kama watoto wote arobaini wangepata alama zote, bado thelathini wangeanguka.

Basi huo ulikuwa mchujo. Kuna mtihani wa kupima na kuna mtihani wa kuchuja, na ingawa karatasi zinaweza kufanana, kazi zake hazifanani. Chujio la mtengeneza togwa haliulizi kama chicha ni mbaya. Linatazama ukubwa wa matundu tu. Serikali ya kikoloni iliweka matundu madogo kwa sababu ilihitaji makarani na walimu wachache. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba sisi wenyewe tuliendelea na chujio lile lile kwa muda mrefu, tena kwa nia njema.

Tazama mfululizo wa miaka. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na baada yake Mwalimu Nyerere akaandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ya msingi iwe elimu iliyo kamili kwa mtoto atakayeishi kijijini, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 ikaundwa kwa sheria NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwezi Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliamua mambo mawili makubwa. Kwanza, elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, iletwe haraka, ifikiwe mwaka 1977. Pili, mtihani wa mwisho usiwe hakimu wa peke yake. Kazi na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe pia. La pili hilo lilikuwa jambo la busara sana, na sisi walimu tulilazimika kuweka rekodi kwa makini ambayo hatukuizoea.

Lakini hebu tufuate lile la kwanza. Nilikuwa kijana bado kazini wakati madarasa yalipofurika. Watoto walikaa chini, kwenye mawe, na wengine nje chini ya mti tulipobahatika kutokunyeshewa, jambo ambalo Tukuyu ni nadra. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha. Watu wakawatania kwamba herufi za UPE maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu". Utani ule ulikuwa na ukatili ndani yake. Nimefanya kazi na walimu hao. Wengine wao walikuwa hodari kuliko sisi tuliopitia chuo, na bila wao mamilioni ya watu wazima wa leo wasingejua kuandika majina yao. Kufikia mwaka 1980 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 3. Sekondari za serikali, kwa upande mwingine, ziliachwa karibu pale pale zilipokuwa, kwa sababu mipango ilifanywa kwa kuhesabu nafasi za kazi: taifa litahitaji wahandisi wangapi, makarani wangapi, basi idadi hiyo ndiyo iende sekondari.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Ukimimina maji mengi kwenye chujio ambalo matundu yake hayajaongezwa, mengi yanabaki juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba, walioingia sekondari hawakufika 10. Zaidi ya hapo nafasi ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, ili sehemu zilizocheleweshwa na ukoloni nazo zipate wasomi. Mimi nauona mgao huo kuwa ulikuwa wa haki kwa taifa. Lakini huku Rungwe, kama kule Moshi na Bukoba, ulimaanisha kwamba mtoto aliweza kupata alama ambazo mahali pengine zingempeleka kidato cha kwanza, na hapa zikamwacha nyumbani. Majina ya waliochaguliwa yakibandikwa ofisi ya elimu, wazazi walisukumana kuyasoma, na aliyekosa jina la mwanawe alirudi nyumbani na neno lile lile: amefeli. Mwalimu aliyejua ukweli alipaswa kusema "hakuchaguliwa". Tofauti ya maneno hayo mawili ni maisha ya mtu. Aliyefeli hujiona mpungufu, asiyechaguliwa anajua kwamba kiti hakikuwepo.

Wazazi hawakukaa kimya. Katika Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na Iringa watu walichanga, makanisa na Jumuiya ya Wazazi wakaingia, wakajenga sekondari zao nje ya zile za serikali. Nimeona huku wanawake wakibeba mawe kichwani kutoka mtoni kwa ajili ya shule ambayo hawakuwa na uhakika kama watoto wao wataingia.

Wasio na fedha za shule hizo walitafuta njia nyingine. Kurudia darasa la saba kulikuwa kumekatazwa. Basi mtoto alihamishiwa shule ya mbali akaingia kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule, aliyefariki au aliyeolewa. Kila mwalimu wa rika langu anajua jambo hili. Mtoto aliitwa jina moja nyumbani na jina jingine shuleni, na akifaulu, jina la shuleni ndilo lililompeleka sekondari, chuoni, kazini, hadi kwenye cheti cha ndoa. Kuna watu wazima wenye wajukuu ambao kaburini mwao, siku ya siku, familia italazimika kuamua iandike jina lipi.

Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wengine zaidi ya 3,000 walikuwa wakitumia vyeti vinavyofanana, cheti kimoja kikiwa na watu wawili au zaidi. Kughushi ni kosa na siwatetei walioghushi. Ila niliposikia habari ile redioni nilikumbuka ule ukuta wa ofisi ya elimu wenye majina machache, na nilijua kwamba mazoea ya kuvaa jina la mtu mwingine hayakuzaliwa maofisini. Yalizaliwa darasa la saba, na wakati mwingine mshonaji alikuwa mzazi mwenyewe.

Nimesema yapo mambo mawili. La pili, la mtoto ambaye kweli hakujua, nalo lina historia yake, na kwa maoni yangu sura yake kubwa ni lugha.

Mtoto wa Bagamoyo hii yetu mara nyingi huzungumza Kinyakyusa na bibi yake, Kiswahili shuleni na mitaani, na akifika kidato cha kwanza anaambiwa kuanzia sasa bayolojia, historia, jiografia na hesabu ni kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe amekisoma kama somo moja tu, pengine kwa mwalimu asiyeweza kukizungumza dakika tano. Kinachofuata nimekiona katika mamia ya madarasa. Mwalimu anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wananakili, kisha mwalimu anageuka na kueleza kwa Kiswahili. Darasa linachangamka, maswali yanaulizwa, mambo yanaeleweka. Halafu unakuja mtihani, nao hautaki yale yaliyoeleweka. Unataka yale yaliyonakiliwa.

Namkumbuka binti mmoja ambaye nilimuuliza darasani ukungu wa asubuhi unatoka wapi. Alinieleza kwa Kiswahili, kuanzia mvuke wa ziwani hadi baridi ya mlima, na akaongeza kwa nini majani ya chai hulowa hata siku isiyo na mvua. Ilikuwa kazi ya mtu wa kidato cha sita. Swali hilo hilo lilipokuja kwenye karatasi alijaza mstari mmoja na nusu, na katika mistari hiyo neno "maji" alikuwa amelikosea tahajia mara mbili. Msahihishaji aliye mbali, ambaye hakumsikia akizungumza, angempa nini? Angempa sifuri, na asingekuwa amemwonea.

Wala haya si mambo yaliyokuwa yamefichika. Tume ya Rais ya Elimu iliyoundwa mwaka 1980 chini ya Jackson Makweta ilipendekeza katika ripoti yake ya 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, na mwaka 1985 ukatajwa kuwa mwaka wa kuanza. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wa hapa nchini, wakakuta kwamba walio wengi hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Jawabu lililotolewa likawa kuleta vitabu zaidi vya Kiingereza. Hadi ninapoandika, sekondari bado ni kwa Kiingereza. Nafahamu hoja za upande wa pili, kwamba dunia ni kubwa na wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza, na mimi pia nakitaka. Lakini kumfundisha mtu Kiingereza ni jambo moja, na kumfundisha bayolojia kwa Kiingereza asichokijua ni jambo jingine. Katika hilo la pili hukosa vyote viwili.

Sasa nije kwenye mwaka ambao nchi nzima ilizungumza juu ya kufeli.

Kuanzia mwaka 2004 serikali ilikuwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na baada ya 2005, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, ujenzi wa shule za kata ulishika kasi ambayo sijawahi kuiona. Matundu ya chujio yaliongezwa hatimaye. Wanafunzi wa sekondari nchini walikuwa takriban 345,000 mwaka 2003. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Nilistaafu mwaka huo wa 2010, na nasema bila kusitasita kwamba lilikuwa jambo jema. Kwa mara ya kwanza mtoto wa maskini wa Rungwe alipata sekondari ya kwenda na kurudi kwa miguu. Lakini majengo yalitangulia, walimu wakabaki nyuma. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa madarasani, na watu, hodari wa majina, wakawaita walimu wa "vodafasta", kama ile huduma ya kuongeza salio la simu. Shule zilikuwepo ambazo hazikuwa na mwalimu hata mmoja wa fizikia, na maabara zao zilikuwa chumba cha kuwekea majembe.

Kundi la kwanza kubwa lilipofika kidato cha nne matokeo yaliporomoka. Mwaka 2008 walifaulu zaidi ya 80 katika kila 100. Mwaka 2010 walikuwa kama nusu. Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Waliofaulu walikuwa asilimia 34.5. Waliopata daraja la kwanza nchi nzima walikuwa 1,641. Waliopata sifuri walikuwa 240,903. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ililiambia Bunge kwamba Baraza lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa kupanga alama bila maandalizi ya kutosha, kwa hiyo matokeo yafutwe na karatasi zile zile zipangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Yalipotoka tena, waliofaulu walikuwa takriban asilimia 43. Zaidi ya vijana 30,000 walikuwa wamelala wamefeli wakaamka wamefaulu.

Mmoja wao alikuwa kijana wa jirani yangu hapa Bagamoyo. Februari alikuwa na sifuri, yaani pointi 34. Hakusema neno, alifunga begi akaenda Mbeya, akawa anabeba mizigo soko la Mwanjelwa. Mwezi Mei ikaonekana ana pointi 33, nazo ni daraja la nne. Baba yake alikuja kwangu na karatasi mkononi, akakaa, akanywa chai yote kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, shikamoo sikukupa, nisamehe. Lakini niambie, kwa hiyo mwanangu amejifunzia Mwanjelwa?"

Nilimweleza kuhusu viwango vya alama na jinsi vinavyopangwa. Alisikiliza kwa heshima kama wazee wa huku wanavyosikiliza, na niliona kwamba haniamini. Kwake mtihani ulikuwa kama mizani ya kahawa pale chamani: kilo ni kilo. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeamua kilo ianzie wapi. Cheti cha pointi 33 hakifungui milango mingi, lakini yule kijana alirudi nyumbani, akarudia masomo mawili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na leo anajitegemea kwa kilimo cha parachichi na kusimamia vipimo vya wenzake. Angebaki na ile pointi moja ya Februari, sijui kama tungemwona tena.

Baadaye vipimo viliendelea kubadilika. Likatajwa daraja la tano mahali pa sifuri, watu wakacheka. Ukaja wastani wa pointi badala ya madaraja. Mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Wala kufaulu kwenyewe hakukuwa salama. Mwaka 2012 serikali ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua jibu, na herufi tano zina bahati yake.

Sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita, na ule mtihani wa kuchuja mwishoni mwa msingi hautakuwa na kazi tena. Nimeishi miaka sabini na zaidi nikisubiri lango hilo ling'olewe, na nitafurahi nikiliona limelala chini. Ila mwalimu mstaafu haachi kuhesabu. Kwa utaratibu uliopangwa, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa siku moja. Wiki iliyopita nilimtembelea mkuu wa sekondari moja ya huku milimani, aliyekuwa mwanafunzi wangu, nikamuuliza ana walimu wangapi wa hesabu.

"Mmoja, Mwalimu," alinijibu, "naye yuko likizo ya uzazi."